Namba 17

Lebo ya fosili nilishaiandika: Rinkonelida, kundi mojawapo la brakiopodi. Tena kwa wino, maana nilikuwa nimeelezea makombe 24 kwa siku moja bila kukwama, na kichwa kilikuwa kimevimba.

Anayeiona trei yangu kwa mara ya kwanza huniambia, "Kumbe unakusanya kome." Basi hulishika kombe moja nikamgeuzia. Kwa kome wa kawaida, gamba la kushoto na la kulia yanafanana kama viganja viwili. Kwa brakiopodi, wanyama wengine wa baharini wenye magamba mawili, mstari wa ulinganifu hupita katikati ya kila gamba, toka mdomoni, yaani ncha ya nyuma penye bawaba, hadi ukingo wa mbele, ila magamba yenyewe hayalingani: moja ni kubwa, mdomo wake umejikunja, na mara nyingi lina tundu ambapo mnyama alitoa kikonyo cha kujishikizia.

Namba 17 ilikuwa na urefu wa milimita 14.2, upana 15.6, unene 10.1. Bawaba fupi. Gamba kubwa lina bonde, dogo lina kigongo, na magamba yanapokutana mbele ukingo unakwenda zigizaga kama meno ya msumeno. Nani asingesema rinkonelidi?

Shaka iliingia siku ya picha. Kabla ya kupiga huwa naivukizia fosili kloridi ya amonia, iwe nyeupe tupu, madoa ya jiwe yasihadae jicho. Hapo nikaona mbavu kadhaa zinagawanyika mara mbili, na juu yake mistari ya ukuaji imepandana kama vigae vya paa. Vigae vile ni tabia ya atripidi, brakiopodi wa kundi jingine.

Lenzi haikunisaidia. Ingekuwa terebratulidi, wa kundi la tatu, ningetafuta vitundu vidogo mno kwenye gamba, lakini makundi haya mawili kwa kawaida hayana. Tofauti iko ndani: rinkonelidi ana vijiti viwili vifupi tu vya kuegemeza lofofori, kile kiungo cha kuchujia chakula, atripidi ana utepe wa kalsiti uliojizungusha ukawa koni mbili. Na si ubishi wa majina. Atripida walitoweka mwishoni mwa Frasnian, sehemu ya kipindi cha Devoni, miaka milioni 372 hivi iliyopita, ilhali rinkonelida wangali hai baharini. Kombe hili liliokotwa kwenye kifusi, tabaka la mwamba lilikotoka halijulikani. Jina lake ndilo lingesema lolote kuhusu umri wa jiwe.

Dawa ni kusaga, na kusaga ni kuua. Nikatengeneza nakala ya plasta, nikaanza mdomoni: milimita 0.2, naosha, nachora, nasaga tena. Mwanzo niliona meno ya bawaba na vishimo vyake, basi. Mkono ukauma. Nilipofika kama milimita 4 vikatokea vidoti vyeupe, safu mbili, kila moja ikisinyaa kadiri inavyolielekea gamba dogo. Utepe uliokatwa mzunguko kwa mzunguko. Niliinua kichwa nikacheka peke yangu.

Lebo ya zamani nimeipiga mstari mmoja, bado inasomeka chini ya mpya. Kombe limekwisha, zimebaki plasta, michoro na tope la kijivu kwenye kioo. Namba 18 hadi 24 zilitoka kifusi hichohicho, na lebo zake nazo niliziandika kwa wino.