Inuka, Ule

Tumsifu Yesu Kristu.

Wapendwa, juma hili tusome Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya yuko mbioni. Malkia Yezebeli ameapa kumuua, naye amekwenda jangwani mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtwalie roho yake. "Yatosha," akasema. Wengi wetu tunalijua neno hilo, hata kama hatujawahi kulitamka mbele ya watu.

Tazameni Mungu alivyomjibu. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na neno lile lile, akaongeza kwamba safari ilikuwa kubwa mno kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu tunayopenda kuihubiri ilikuja baadaye, kule Horebu, nabii akiwa ameshakula na kupumzika.

Sisi wa Malindi hatuwezi kuisoma sura hii kama watu wa mahali pengine. Kule msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa na mhubiri wao kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu. Watoto walikuwemo. Miili ililetwa hapa hapa mjini kwetu, hospitali. Tangu wakati huo, nikitangaza siku ya kufunga kwenye jumuiya naona nyuso zinavyobadilika, na siwalaumu.

Lakini nina jambo la karibu zaidi la kuungama. Kwaresima iliyopita, mama mmoja wa jumuiya yetu alitushuhudia kwamba amefunga, na kwamba presha yake amemkabidhi Bwana. Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyeyaanzisha. Jumatano iliyofuata tulikuwa barazani tukisali rozari, na kwenye tendo la tatu nikaona shanga zimesimama mkononi mwake. Uso umelowa jasho, midomo imekauka. Mwenzetu mmoja ni mhudumu wa afya ya jamii. Akatoa mashine ya presha mkobani, akampima. Namba ya juu ilikuwa imepita 190. Tukamuuliza dawa ziko wapi. Akafungua fundo la leso yake taratibu: vidonge vya wiki mbili, hata kimoja hakijatolewa kwenye karatasi yake.

"Niliona nikimeza nitakuwa sijaamini," akasema.

Maneno yale yalinichoma, maana aliyajifunza kwetu. Tulimpeleka hospitali kwa tuktuk usiku ule ule, na tunamshukuru Mungu alirudi nyumbani salama.

Mama yule ana miaka 64. Sheria ya Kanisa inatudai kufunga siku mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, nayo inawahusu wenye miaka 18 hadi 59. Hata siku hizo mtu anakula mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo. Mgonjwa hadaiwi. Hatukuwahi kumwambia hayo, na tulikuwa na miaka yote ya kumwambia.

Sisemi kwamba sala haiugusi mwili. Inaugusa sana. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake kule Italia waliwapima watu wazima 23 wakisali rozari kwa Kilatini. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Wale, wakiwa kwenye Salamu Maria, walishuka hadi karibu mara 6. Mapigo ya moyo na presha vikaanza kwenda kwa mwendo mmoja, na mwili ukawa mwepesi zaidi kuirekebisha presha yake. Walikuwa watu wachache, wazima wa afya, na walipimwa wakati wa sala tu, kwa hiyo asitokee mtu akasema rozari inachukua nafasi ya kidonge. Mimi nilipoisoma habari hiyo niliwaza baraza letu. Upande mmoja unaanza "Salamu Maria", mwingine unaitikia "Maria Mtakatifu", na wengine wakiitikia sisi tunavuta pumzi. Basi tusiikimbize. Huwa tunalikimbiza tendo la mwisho giza likianza kuingia, na hapo ndipo moyo ulikuwa umeanza kutua.

Kuna na utafiti wa Marekani uliotolewa 2016, wa wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 waliofuatiliwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa juma walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa. Watafiti waliona kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kuwa na watu wa kukushika mkono, kutovuta sigara, na kutozama sana katika huzuni. Watu wa kukushika mkono: yaani yule aliyetoa mashine mkobani, na yule aliyekimbia barabarani kutafuta tuktuk.

Isaya 58 inaposema "afya yako itatokea mara", inazungumzia saumu. Lakini someni mstari wa 7 kwanza. Saumu ile ni ya kumgawia mwenye njaa chakula chako, na kumwingiza nyumbani kwako maskini aliyetupwa nje. Chakula kinaondoka kwangu kinakwenda kwa mwenzangu, na pale mezani kuna mtu anayekula.

Jumatano hii rozari iko kwa mama yule, saa kumi jioni. Mashine ya presha itakuwepo. Anayetaka kupimwa afike mapema kidogo. Yeye mwenyewe anameza dawa zake kila asubuhi baada ya sala, na ametuma neno kwamba uji ataupika yeye, sisi tuje na vikombe.