Mradi wa gari: kulanti mpya, na maji yanayojificha kwenye injini

Jumamosi asubuhi. Injini imelala usiku kucha, ndipo nikagusa mfuniko wa rejeta (kipozeo cha mbele ya injini). Mfumo ukiwa wa moto una presha, na kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iliyopita nyuzi 100 humrukia mtu usoni mara mfuniko unapolegea.

Koki ya chini ni ya plastiki, kwa hiyo nimeifungua kwa mkono tu, spana nimeiweka kando. Mwanzo ilidondoka tone kwa tone. Nilipotoa mfuniko wa juu hewa ikaingia, kulanti ya rangi ya kutu ikachuruzika. Beseni nimelifunika papo hapo. Glaikoli ya ethilini iliyomo kwenye kulanti ina utamu, paka na mbwa huilamba, na kiasi kidogo tu huharibu figo zao. Yote imeingia kwenye dumu lenye maandishi, ipelekwe kwa wanaopokea taka za kemikali. Mtaroni haimwagwi.

Zimetoka lita 3.5. Kitabu cha gari kinasema mfumo mzima unabeba 6, maana yake 2.5 zimebaki kwenye bloku na hita. Nimesuuza kwa maji yaliyokenekwa: jaza, washa mpaka themostati (vali inayofunguka injini ikipata moto) ifunguke na mpira wa juu upate moto, zima, subiri ipoe, mwaga, rudia hadi yatoke meupe. Sasa zile 2.5 ni maji matupu. Ningemimina kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, ningebaki na asilimia 29 tu ya kulanti halisi. Kwa hiyo nimetia lita 3 za kulanti isiyochanganywa kwanza, kisha nusu lita ya maji. Hapo ndipo nusu kwa nusu inapatikana kweli.

Rangi sikuijali. Kila kampuni hupaka yake. Nimefuata aina iliyoandikwa kitabuni, kwa sababu zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda kama uji na kuziba rejeta.

Kutoa hewa ndiko kulikokula muda. Hita kwenye moto wa mwisho, mfuniko wazi, mikono mbali na feni (ya umeme huweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa). Mapovu yakatoka, kina kikashuka, nikaongeza. Hita ilipopuliza moto bila kukatika, nikafunga.

Jumatatu, injini baridi: tangi la akiba limeshuka upana wa kidole, nimejazia hadi alama. Koki kavu. Mpira wa chini una nyufa karibu na klipu, huo ndio unaofuata.