Nilivyokadiria njia ya hewa ukaa chini ya bahari kwa laptopu

Pale Sleipner, eneo la visima vya gesi katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, hewa ukaa imekuwa ikisukumwa kwenye tabaka la mchanga la Utsira tangu 1996 ili ihifadhiwe humo, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu tani milioni moja kila mwaka. Tasnifu yangu ya uzamili ilinitaka nikadirie inaelekea wapi. Modeli kamili hukatakata tabaka katika vijumba vingi mno, na nilikuwa na laptopu tu.

Nikashika njia rahisi. Katika kina kile, mita 800 hadi 1,000, hewa ukaa imebanwa sana, lakini bado ni nyepesi kuliko maji ya chumvi yanayoizunguka. Hupanda upesi hadi igote mwamba wa kifuniko, yaani mwamba usioipitisha ulio juu ya mchanga, kisha hutambaa polepole chini yake. Ukichukulia kwamba kupanda kumekwisha, unabaki na ramani bapa, na kila mahali unatafuta unene wa hewa tu.

Nilianza na umbo la kifuniko. Ni kama mvua kwenye bati lililopinduliwa: hewa hufuata mwinuko, hujaza kuba, ikifika ukingoni humwagikia kuba inayofuata. Ujazo unapigika kwa kalamu. Kuba ya kilomita moja ya mraba, yenye kimo cha wastani cha mita 10, kwenye mchanga wenye nafasi wazi asilimia 36, ina mita za ujazo milioni 3.6. Kwa kilo 600 kila mita ya ujazo, hizo ni takriban tani milioni 2, kabla ya kutoa maji yasiyokubali kuhama.

Mwendo niliukokotoa kwa MRST, programu ya bure ya kuigiza mtiririko ndani ya miamba, iliyotengenezwa na SINTEF, taasisi ya utafiti ya Norwe, nikitumia data za Sleipner zilizo wazi kwa watafiti. Ndani ya Utsira kuna tabaka nyembamba za mfinyanzi zinazoichelewesha hewa, na hapo dhana yangu haikufaa. Nikabaki kwenye tabaka la juu kabisa, la 9 ukihesabu kutoka chini.

Faida ilikuwa kubwa. Niliweza kurudia hesabu mara nyingi, kila mara kifuniko kikipanda au kushuka mita chache, ndani ya mipaka ya kosa la vipimo vya mitetemo vinavyochora umbo lake. Ulimi wa hewa unaoelekea kaskazini ulirefuka au kufupika kwa tofauti hizo ndogo. Kwa anayepanga mahali pa kuhifadhia, naamini kuiona tofauti hiyo kuna thamani zaidi kuliko picha moja iliyonakshiwa sana. Modeli kamili niliibakizia hali chache zilizoachana zaidi, kuangalia presha karibu na kisima.