Nilivyosoma kukutana kwa Mshtarii na Zohali katika chati ya mpwa wangu

Jioni ya tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilionekana upande wa magharibi zikiwa zimeachana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya digrii. Sayari hizo hukutana kila baada ya miaka 20 hivi, lakini ukaribu wa namna hiyo haukuwa umefikiwa tangu mwaka 1623. Mpwa wangu alizaliwa Dar es Salaam usiku huohuo. Dada yangu aliponiletea chati yake, yaani mchoro wa anga la saa ya kuzaliwa, iliyotolewa na programu ya simu, alikuwa na wasiwasi, kwa sababu maelezo yaliyoambatana nayo yalidai kwamba Mshtarii ya mtoto imeanguka, yaani iko katika buruji inayohesabiwa kuidhoofisha, na kwamba bahati yake ya masomo imekwenda nayo. Nilijifunza Jyotish, yaani unajimu wa Kihindi, kwa mzee mmoja wa Kigujarati wa Kisutu, na ninayoyaeleza hapa ni usomaji wa mapokeo hayo. Sidai kuwa ni sayansi.

Kabla ya kuzigusa sayari zenyewe niliangalia saa. Chati ilionyesha buruji ya Nge ikichomoza mashariki na Jua likiwa katika nyumba ya pili (nyumba ni sehemu za chati, kila moja ikisimamia jambo fulani la maisha), maana yake Jua lilikuwa chini ya upeo, likikaribia kuchomoza. Nikamuuliza dada, “Mtoto huyu alizaliwa alfajiri?” Akajibu, “Kaka, alfajiri wapi? Watu walikuwa wamekwisha kula, hata shemeji yako alinikuta na chupa ya chai iliyopoa.” Kadi ya kliniki iliandikwa saa 4:30 usiku, na aliyejaza programu aliingiza tarakimu hizohizo kana kwamba ni saa za kizungu, hivyo mtoto akarudishwa nyuma saa 18 nzima. Kwa watu wa pwani yetu hili ndilo jambo la kwanza la kuulizwa, kwa kuwa buruji inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na nyumba zote 12 huhesabiwa kuanzia hapo.

Nilipoingiza saa 22:30, buruji inayochomoza ikawa Simba. Mshtarii na Zohali zilibaki katika buruji ya Mbuzi, zote mbili zikiwa zimepita kidogo digrii ya sita, lakini kutoka nyumba ya tatu zikahamia ya sita. (Wanajimu wa Ulaya walizihesabu kuwa zimeingia Ndoo, tofauti hiyo hutokana na Wahindi kupunguza digrii takriban 24 kutoka hesabu ya Ulaya, kwa kipimo kiitwacho Lahiri kilichokubaliwa na kamati ya serikali ya India ya kurekebisha kalenda mwaka 1955.) Nyumba ya sita ni ya maradhi, madeni na wapinzani, lakini pia ni ya utumishi na ushindani, na wanajimu huihesabu miongoni mwa nyumba ambazo hali yake huimarika kadiri umri unavyosonga.

Hapo ndipo nilipouliza kila sayari imekuja kwa niaba ya nani. Kwa aliyezaliwa Simba ikichomoza, Mshtarii hutawala nyumba ya tano, ambayo ni ya akili na masomo, na ya nane, ambayo ni ya misukosuko. Zohali hutawala ya sita na ya saba. Zohali, basi, iko kwake, ina nguvu, na sayari kali katika nyumba ya sita husifiwa kwa kuwashinda wapinzani. Mshtarii ni mgeni wake, tena mgeni aliye karibu kabisa na digrii ya tano ya Mbuzi, mahali ambapo mapokeo huiona dhaifu kuliko popote.

Je, udhaifu huo umefutwa? Walimu wengi husema kukaa pamoja na mwenye buruji, yaani sayari inayoitawala, hapa Zohali, aliye na nguvu kunatosha. Kanuni kali zaidi humtaka mwenye buruji, au Mwezi unaotawala buruji ya Kaa ambamo Mshtarii hutukuka, akae katika nyumba ya kwanza, ya nne, ya saba au ya kumi, zikihesabiwa kutoka buruji inayochomoza au kutoka Mwezi. Katika chati iliyokosewa Mwezi ulikuwa katika nyumba ya nne, na kanuni ilitimia. Katika chati sahihi haitimii. Kwa hiyo nilimwambia dada kwamba udhaifu umepunguzwa, haukuondolewa. Kuna pia suala la vita vya sayari, ambavyo huhesabiwa pale sayari mbili zisipoachana hata digrii moja: wanaompa ushindi aliye kaskazini wataichagua Zohali, na wanaotazama mwanga wataichagua Mshtarii. Suala hilo mimi sikulipa uzito mkubwa, kwa kuwa mapokeo yenyewe hayakubaliani.

Muungano wa Jua na Utaridi katika nyumba ya tano, ambao programu iliusifu mno, niliupita haraka. Utaridi haiachani na Jua kwa zaidi ya digrii 28, hivyo watu wenye muungano huo wamejaa mitaani.

Kilichobaki ni wakati. Saa 22:30 Mwezi ulikuwa katika Uttara Bhadrapada, kimojawapo cha vituo vya Mwezi angani, kinachotawaliwa na Zohali. Mapokeo haya hugawa maisha katika vipindi vya sayari, na kituo hicho ndicho huamua cha kwanza, kwa hiyo mtoto alianza maisha katika kipindi cha Zohali cha miaka 19, ambacho kwake kilibaki zaidi ya miaka 17. Kipindi hicho hugawanywa katika vipindi vidogo tisa, na cha mwisho, cha miaka miwili na nusu hivi, ni cha Mshtarii. Hapo ndipo muungano huu unapotarajiwa kusema kwa sauti yake kamili, mtoto akiwa na umri kati ya miaka 15 na 17, wakati wa mitihani ya sekondari. Nilimwandikia dada kwamba kwa usomaji huu masomo yake yatapitia ushindani na kazi ya kurudiarudia kuliko wepesi wa bahati, na kwamba afute ile chati ya Nge kwenye simu kabla bibi yake mtoto hajaionyesha kwa mnajimu mwingine.