Mikono ikiwa na kazi ndo kichwa kinapumzika

Kuna kipindi, kama mwaka mzima hivi, nilikuwa nikirudi kazini najitupa kwenye kochi na simu mkononi, nasema ngoja nipumzike nusu saa tu, nikija kushtuka ni saa tano usiku, macho yanauma, sijala chakula cha maana na nimechoka kuliko nilivyoingia mlangoni. Na nilikuwa naamini kabisa kwamba nimepumzika.

Alafu simu ikapasuka kioo. Fundi akaniambia kesho, ile kesho ikawa siku tisa. Siku mbili za kwanza nilikuwa natembea tu humu ndani kama mtu aliyepoteza funguo. Siku ya tatu nikafungua kabati la juu jikoni nikakuta kile kikoni cha kuchujia kahawa, kile unachokiweka juu ya kikombe na karatasi ndani yake, ambacho dada yangu alinipa zamani, hakijawahi kutumika hata mara moja, na kinu kidogo cha kusagia cha mkono. Nikasema haya, leo tuone.

Ndo ilivyoanza. Na nachotaka kusema leo ni kitu kimoja tu, kwamba starehe iliyonirudishia nguvu sio ile ya kukaa bila kufanya kitu, ni ile ya mikono kuwa na kazi ndogo isiyo na bosi. Mikono ikishughulika, kichwa chenyewe kinatulia bila kuambiwa. Sijui kwako, ila kwangu imekuwa hivyo kwa kahawa, kwa kupika, na kwa karata.

Tuanze na kahawa manake hapo nina mengi.

Kusaga mwenyewe kwanza. Kahawa ikishasagwa harufu inaanza kukimbia, ndani ya dakika chache tu imepungua, kwa hiyo nasaga ile ya kunywa sasa hivi, sio ya wiki. Napima gramu 18 kwa maji mililita 300, hiyo ni kama gramu 60 kwa lita, na nakuomba sana tumia mizani, kile kijiko cha kukadiria kinadanganya kwa sababu kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi kuliko iliyokaangwa kidogo, kijiko kimoja hicho hicho uzito tofauti. Maji nataka yawe kati ya nyuzi 90 na 96, yaani yakishachemka nayaacha yatulie kidogo ndo namimina. (Kama unaishi juu sana milimani usisubiri, kwenye mita 2,000 maji yanachemkia nyuzi kama 93 tu, mimina moja kwa moja.)

Sasa hapa ndo pananifurahisha kila siku na sijawahi kuchoka. Unamimina maji kidogo tu, yalowanishe unga wote, alafu unaacha kama nusu dakika. Unga unavimba! Unapumua kabisa, vipovu vinatoka, hiyo ni hewa ya kaboni dayoksaidi iliyonaswa ndani ya punje wakati wa kukaanga. Kahawa iliyokaa miezi kwenye pakiti haivimbi, inalala tu pale kama tope, na ukiona hivyo ujue hata ladha usitegemee sana. Ile nusu dakika nasimama naangalia tu. Sifanyi kingine.

Baada ya hapo unamimina taratibu kwa kuzungusha. Na ladha haitoki yote kwa pamoja, kinachotangulia ni uchachu, kisha utamu, uchungu unakuja mwishoni. Ndo maana kahawa yako ikiwa chachu kama ndimu inamaanisha maji yamepita haraka, saga laini zaidi kesho yake, ikiwa chungu mpaka unakunja uso basi umekawia au umesaga laini kupita kiasi. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku. Mimi ilinichukua kama wiki mbili kupata kikombe ambacho nilikinywa bila sukari na sikuitamani hiyo sukari.

Na hii karatasi ya kuchujia ina hadithi ninayoipenda sana. Aliyeibuni ni mama wa nyumbani Mjerumani, Melitta Bentz, huko Dresden mwaka 1908. Alichoshwa na machicha ndani ya kikombe, akachukua kopo akalitoboa matundu kwa msumari, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la shule la mwanawe, akaitandika humo na kumimina kahawa juu. Ikatoka safi. Kampuni aliyoanzisha ipo mpaka leo. Nikifikiria kwamba kitu kinachotumika dunia nzima kilianzia kwa mtu mmoja jikoni kwake aliyetaka tu kikombe kizuri cha asubuhi, moyo unanifurahi kabisa.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye kahawa alafu nihame. La kwanza saa ya kunywa. Kafeini, kile kitu cha kwenye kahawa kinachokuamsha, inachukua kama saa tano hivi kupungua nusu mwilini, wengine zaidi wengine pungufu, kwa hiyo ukinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Nilikuwa nalaumu godoro miezi na miezi kumbe ni kikombe cha jioni. Siku hizi cha mwisho ni saa nane mchana, kwa siku za kazi natengeneza asubuhi na kingine wikendi baada ya chakula. La pili ni moto. Usinywe ikiwa inaunguza. Mwaka 2016 IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio, yaani shida ni joto lenyewe sio kahawa. Na hata kwa utamu tu, ikipoa kidogo unaanza kusikia vitu ambavyo ulimi ulikuwa hausikii mwanzoni, kikombe kile kile kinakuwa na ladha mbili tatu tofauti mpaka unakimaliza.

Jioni basi ni chai. Na kama unaogopa usingizi chukua ya majani ya mimea mingine isiyo na kafeini, ya mchaichai au mnanaa, zote nzuri. Chai ya kawaida, nyeusi na kijani, watu wengi wanadhani ni miti miwili, hapana ni mmea mmoja, Camellia sinensis, tofauti ni kinachofanywa baada ya kuchuma. Jani la chai nyeusi linaachwa lipigwe na hewa mpaka linageuka rangi, la kijani linapashwa moto mapema ili lisigeuke. Kwa hiyo ya kijani usiimwagie maji yanayotokota, nyuzi 70 mpaka 80 yanatosha, ukizidisha inakuwa chungu na inakausha mdomo alafu unasema chai ya kijani mbaya. Sio mbaya, umeiunguza.

Haya, jikoni.

Mimi sipiki vitu vingi na sina mpango wa kupika vingi. Napika vichache ambavyo vinanitaka niwepo. Na kimojawapo ni kitunguu, kitunguu tu, kilichokaangwa polepole mpaka kikawa rangi ya hudhurungi na kitamu kama jamu. Sasa hapa niseme ukweli maana linanikera: mapishi mengi mtandaoni yanaandika kaanga vitunguu dakika kumi mpaka viwe rangi ya dhahabu iliyokolea. Haiwezekani. Nimejaribu kwa kila sufuria niliyo nayo. Kitunguu kibichi karibu asilimia 89 ni maji, na maji hayo yakiwa bado yapo joto la kwenye sufuria haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100, yaani unachofanya ni kuchemsha sio kukaanga. Mpaka maji yaishe ndo moto unapanda, na ile rangi na harufu inayokufanya majirani wakuulize unapika nini inaanza kukimbia vizuri kwenye nyuzi 140 hivi. Inaitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeuandika mwaka 1912, ni sukari na amino asidi (vile vipande vinavyojenga protini) zinakutana kwenye joto zinatengeneza mamia ya ladha mpya. Ndo huo huo kwenye ganda la mkate, kwenye nyama ya kuchoma, hata kwenye hiyo kahawa yetu ilipokuwa inakaangwa. Kitu kimoja, kimekuja kwenye sahani na kwenye kikombe.

Kwa hiyo dakika 45, saa ingine saa nzima. Moto mdogo. Chumvi kidogo mwanzoni ili maji yatoke haraka. Vikianza kugandia chini unatia kijiko cha maji unakwangua na mwiko, ile rangi iliyoganda ndo utamu wenyewe, usiiache kwenye sufuria. Na usijaze sufuria mpaka juu.

Saa nzima umesimama unageuza vitunguu, mtu atasema ni kupoteza muda. Mimi hiyo saa ndo nimeitaka! Siwezi kushika simu manake vitaungua, siwezi kuondoka, lakini pia hamna kitu kigumu cha kufikiria, mkono unageuza tu, na ghafla unakumbuka kitu alichokwambia mama yako miaka kumi iliyopita, au tatizo la ofisini lililokukaa kichwani siku tatu linajifungua lenyewe. Mara ngapi imenitokea. Nikikaa nikalifikiria kwa nguvu halifunguki, nikigeuza vitunguu linafunguka.

Maharage nayo nayapenda kwa sababu hiyo hiyo, yanataka uyafikirie tangu jana yake. Ila hapa naomba unisikilize vizuri, hasa kwa haya mekundu makubwa: loweka saa tano au zaidi, mwaga yale maji, alafu chemsha kwa moto mkali mpaka yatokote, dakika kumi kamili zisipungue, ndo upunguze moto yaive taratibu. Yana sumu ya asili inaitwa fitohemaglutinini, na inaharibika kwenye kutokota kweli kweli. Wale wanaoyatupia mabichi kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo asubuhi wakirudi jioni wanakula, joto lile halitoshi, wanaweza kutapika usiku mzima na wasijue wamekosea wapi. Mimi nililijua hilo baada ya kuugua, sitaki ulijue kwa njia hiyo.

Mkate nao nakanda wikendi, sitasema mengi, unga maji chumvi hamira na usiku mzima wa kusubiri. Ukiuacha saa 12 mpaka 18 wenyewe unajikanda, wewe unaukunja tu asubuhi na kuutia tanuri.

Karata zimekuja mwishoni na sikuzitegemea. Siku ya saba bila simu dada yangu alikuja na mumewe kunicheki manake nilikuwa sipatikani, wakakuta vitunguu jikoni, wakakaa kula, na baada ya kula tukawa tunatazamana. Shemeji akauliza huna karata humu ndani? Zilikuwepo, kwenye droo, pakiti imefungwa kwa mpira. Tukacheza mpaka saa sita usiku.

Toka siku hiyo ni kila Jumamosi. Na mimi kazi yangu ni kuchanga, naipenda ile sauti, na nilipoanza kusoma kuhusu kuchanga nikakuta kitu ambacho bado kinanishangaza. Mwaka 1992 wanahisabati wawili Wamarekani, Dave Bayer na Persi Diaconis, walionyesha kwamba karata 52 ukizigawa mafungu mawili na kuzichomeka ndani ya nyingine kwa kawaida, unahitaji mara saba hivi ndo zichanganyike vizuri. Mara tatu bado, mchezaji mwenye kumbukumbu anaweza kuona mabaki ya mchezo uliopita. Na namna za kuzipanga hizo 52 ni namba yenye tarakimu 68. Sitaandika zote hapa. Maana yake ukizichanga vizuri mara saba, mpangilio ulioushika mkononi karibu kwa hakika haujawahi kushikwa na mtu yeyote tangu karata zibuniwe. Nilimwambia shemeji, akaziweka chini mezani taratibu, akaziangalia, akasema basi tucheze kwa heshima.

Nachopenda kwenye karata ni kwamba watu wanaongea. Ukimkalisha mtu mkatazamana uso kwa uso ukamuuliza habari za kazi atasema salama. Mpe karata saba mkononi, macho yake yapo kwenye ree ya kopa anafikiria aitupe au aibanie, hapo hapo katikati atakwambia kwamba mwezi huu umekuwa mgumu. Dada yangu aliniambia jambo kubwa sana la maisha yake akiwa anapanga shupaza zake kwa mpangilio, hakuinua hata macho, na mimi nikatupa karata yangu nikamwambia endelea. Tusingekuwa na karata sidhani kama angesema.

Simu ilirudi siku ya kumi. Naitumia, hata hii naandikia humo. Ila ikifika saa kumi na mbili jioni inakaa kwenye rafu karibu na mlango pamoja na funguo, na anayenihitaji kwa dharura anajua kupiga, italia nitaisikia.

Leo Jumamosi. Maharage yapo kwenye maji tangu asubuhi, mkate umeshatoka unapoa juu ya waya, na vitunguu nimeanza kuvikata sasa hivi. Dada kasema safari hii wanakuja na jirani yao mmoja ambaye hajui kucheza kabisa, kwa hiyo raundi ya kwanza tutacheza karata zikiwa wazi mezani ili aone.