Nani ameweka kiungo cha kuja kwenye tovuti yako?

Bado wapo wanaoandika link: na jina la tovuti yao kwenye Google, kisha wanasubiri orodha. Amri hiyo imeshaachwa tangu 2017. Siku hizi pa kuanzia ni Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, na ni bure. Thibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaopewa na Google) kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa (jina la tovuti yako), maana njia hiyo inachukua http, https na www kwa pamoja. Ukisajili anwani ya https peke yake, utaona viungo vichache, kumbe vingine vimeelekezwa kwenye http.

Fungua Links, kisha Export external links, uchague Latest links. Utapata faili ya kurasa zilizokutaja na tarehe ambayo Google ilizipitia mara ya mwisho. Hiyo ni sampuli tu, kwa hiyo namba ikishuka kidogo isikunyime usingizi.

Mimi naiamini zaidi logi ya seva, yaani faili ambamo kompyuta inayohifadhi tovuti yako huandika kila ziara, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kiungo kilichobofywa kweli. Tafuta mistari yenye 404 (ukurasa haukupatikana), hasa kama umewahi kubadilisha anwani za kurasa:

"GET /mapishi/pilau.html HTTP/1.1" 404 512 "https://mfano.com/"

Maana yake kuna mgeni aliyetumwa na mfano.com akakuta mlango umefungwa. Kama seva yako inatumia programu ya Apache, dawa yake ni mstari mmoja ndani ya faili la mipangilio liitwalo .htaccess, wa kumhamishia mgeni kwenye anwani mpya moja kwa moja:

Redirect 301 /mapishi/pilau.html /pilau/

Mpeleke kwenye ukurasa wa mada ileile. Wengi huzitupa anwani zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo, na Google huihesabu hiyo kama 404 iliyovaa kanzu.

Usishangae logi ikikupa kikoa bila ukurasa wenyewe: tangu 2020 Chrome kwa kawaida hutuma kikoa tu inapotoka tovuti moja kwenda nyingine. Kiungo chenye noreferrer, alama inayoficha mgeni alikotoka, huacha kistari kitupu mahali pa jina hilo. Halafu kuna roboti zinazojaza majina ya uongo pale ili uyabofye, usiyafungue. Ukitaka kuhakiki, tafuta site: na kikoa hicho pamoja na jina lako.

Na vile viungo vya ajabu kutoka tovuti za kamari? Viache. Faili la kuvikana (disavow), la kuiambia Google isivihesabu, lenye mistari ya domain:, ni la aliyepewa adhabu na Google kwa sababu ya viungo au anayeona inamjia, tena ukikosea unaweza kuvikana hata vilivyokuwa vinakubeba.