Kilio cha Nyumba ya Pili

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Al-Aqra bin Habis, mmoja wa wakubwa wa Banu Tamim, alikuwapo Mtume (s.a.w.) alipombusu mjukuu wake Hassan. Akastaajabu: "Mimi nina watoto kumi, na sijapata kumbusu hata mmoja." Mtume akamtazama, akamwambia kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, nasi huisoma kwa tabasamu, kama kwamba Al-Aqra ni Bedui wa kale asiyetuhusu. Hapa Amu, yaani Lamu, akina Al-Aqra tunao, mitaa ya Mkomani na Langoni, na baadhi yao husali safu ya mbele. Ni baba mwema, hana deni la mtu, lakini mwanawe humjua kwa sauti ya viatu vyake tu: akivisikia ukumbini, hunyamaza.

Tunalo na neno la kujikinga nalo: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli mwana hurudiwa. Lakini methali hiyo tumeifanya hati ya bakora, na Mtume tunayedai kumfuata hakulea hivyo. Bi Aisha (r.a.), mkewe, amesema Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa vitani katika njia ya Mwenyezi Mungu. Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi tangu udogoni, hakuambiwa hata "uff". Nani kati yetu amekaa na kijana wa miaka kumi na mitatu wiki moja bila kumguna?

Sisi wa Lamu ukitutajia ukatili, tunafikiria unaotoka nje. Tuna sababu. Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60 huko Mpeketoni na vijiji vya jirani, kisha ikaja amri ya kutotoka usiku. Wavuvi waliozoea kutoka na giza wakakaa nyumbani bila kitoweo wala senti. Wazazi wakawafungia wana ndani, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Sijasikia khutba hata moja iliyouliza wana hao waliona nini humo ndani, baba amekasirika, mfuko mtupu, na mlango umefungwa.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa kiume wa Kenya, na karibu nusu ya wa kike, walipatwa na ukatili kabla ya kutimiza miaka 18. Kipigo ndicho kilichotajwa zaidi, na miongoni mwa wapigaji walikuwamo wazazi na walimu. Hao si majambazi wa msituni, ni sisi.

Mvulana anayeona mamake akipigwa hujifunza woga, na hujifunza pia kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Nyumba ikimchoma, hutoka mapema na kurudi usiku wa manane. Hapo katikati lazima akae mahali, na maskani ya vijana haimuulizi mtu kwao. Huko kuna wanaomchekea, kuna unga wa kulevya, kuna ugomvi wa visu, na yeye alikwishazoea kuona damu. Sisemi kila aliyepigwa atapiga. Habil na Qabil walitoka nyumba moja, na Habil alimwambia nduguye: ukininyooshea mkono kuniua, mimi sitakunyooshea wangu kukuua (Al-Maida, 28). Kijana ana hiari yake. Lakini ametupwa mbali kiasi gani kabla hatujaanza kumlaumu?

Mtaa nao una sehemu yake. Chicago, Marekani, mwaka 1995 watafiti waliwahoji watu 8,782 katika mitaa 343. Waliwauliza kama jirani angeingilia akiona watoto wametoroka shule wamejikusanya kichochoroni, au wanapigana mbele ya nyumba, na kama majirani wanaaminiana. Robert Sampson na wenzake walichapisha majibu mwaka 1997: palipokuwa na kuaminiana na kuingilia, ukatili ulikuwa mdogo, hata mitaa ilipolinganishwa na mingine yenye umaskini kama wake. Wao iliwabidi wafanye hesabu. Wazee wetu walijenga daka, kibaraza cha mlangoni, wakakaa, na mtoto hakupita bila kuulizwa atokako. Siku hizi madaka yapo, lakini nyumba nyingine mwenyewe anaishi Ulaya na huja msimu wa baridi ya kwao; na sisi tuliobaki tumeinamia simu. Sitamani yarudi yote, maana mzee wa daka naye alikuwa mwepesi wa kofi. Lile jicho lake ndilo ninalolitamani.

Najua jibu litakalokuja: hayo ni mambo ya ndani, tusitiriane. Kusitiri aibu ya Muislamu ni jambo la thawabu, sikatai. Lakini Mtume alipowaambia Masahaba wamsaidie ndugu yao, dhalimu au mwenye kudhulumiwa, waliuliza: huyu dhalimu tutamsaidiaje? Akasema: mumzuie asidhulumu. Kumfungia dirisha anayempiga mtoto si sitara. Ni kumwacha ndugu yako azame katika dhambi huku wewe unasikia. Na jirani ambaye Jibril alimuusia Mtume mpaka akadhani atarithishwa ni pamoja na yule mdogo wa miaka minane upande wa pili wa ukuta.

Basi wiki hii, ukisikia kilio nyumba ya pili, piga hodi. Huna haja ya kwenda kuwa kadhi. Omba chumvi, ulizia hali ya bibi, kaa kidogo mpaka hasira ishuke. Kina mama hili wanaliweza kutushinda. Baba ukimkuta asubuhi akitoka swala ya alfajiri, shikaneni mikono mwende kando mzungumze, si mbele za watu. Na kama mtoto ameumizwa, au kipigo kinarudi kila usiku, chumvi haitoshi tena: nambari 116 hupigwa bure, na afisa wa watoto yupo kwa kazi hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na ukatili, uwe wa serikali au wa nyumbani kwake. Atakayeniuliza kama kupiga nambari hiyo ni kumsaliti jirani, arudi kwenye ile hadithi ya dhalimu, kisha tuonane Ijumaa baada ya swala, inshallah.